Hoteli Tatu za Waikiki na Baraza Zao



Tarehe 3 Julai 1935, mtangazaji mmoja aitwaye Webley Edwards aliwakusanya wapiga gitaa na waimbaji uani mwa hoteli ya Moana, katika ufukwe wa Waikiki, mjini Honolulu. Waliketi chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ule ambao matawi yake huteremsha mizizi mpaka ardhini na mizizi ikawa vigogo vipya. Kipindi kikarushwa kwa masafa mafupi kuvuka bahari hadi Marekani bara. Kiliitwa Hawaii Calls. Fundi mitambo alikuwa akishuka na kipaza sauti hadi mawimbi yanapovunjikia, ili bahari nayo isikike hewani pamoja na nyimbo. Kipindi hicho kilidumu miaka 40, na wakati wa fahari yake kilisikika katika vituo vipatavyo 750 duniani.

Sisi watu wa redio tuna haki ya kujivunia habari hiyo. Lakini leo nimeileta kwa sababu nyingine. Hoteli ile ilikuwa ya matajiri. Watu walifika kwa meli za kifahari, wakalipa fedha nyingi kulala pale. Hata hivyo, kitu bora kuliko vyote ilichokuwa nacho, yaani muziki wa jioni chini ya mti na sauti ya maji, kilimfikia mtu aliyeketi jikoni kwake maelfu ya kilomita mbali, ambaye hakulipa hata senti moja. Nataka tuzipime hoteli kongwe za Waikiki kwa kipimo hicho: zinampa nini mtu ambaye hakukodi chumba?

Ziko tatu zilizobaki mahali pale pale zilipoanzia. Moana ilifunguliwa mwaka 1901. Halekulani ilipata jina lake na wenyewe wake mashuhuri mwaka 1917. Royal Hawaiian, ile ya rangi ya waridi, ilifunguliwa mwaka 1927. Zote zinatazama ghuba moja, na mlima wa Diamond Head, ambao wenyeji huuita Leahi, unaonekana kutoka zote. Ukitembea kando ya bahari kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, safari haifiki kilomita moja.

Waandishi wa utalii huzilinganisha kwa ukubwa wa vyumba na bei ya usiku mmoja. Mimi ninazilinganisha kwa baa zao. Chumba ni cha aliyelipa, na mlango wake una kitasa. Baa ya ufukweni, hasa ile isiyo na ukuta upande wa bahari, ndipo mgeni wa chumba cha gharama kubwa na mwalimu wa Honolulu aliyetoka kazini wanapoweza kuketi meza jirani na kusikiliza gitaa lile lile. Najua wengi mnaonisikiliza hamgusi kileo. Hata kule, mtu huagiza maji ya nanasi yenye barafu, akakaa nayo mpaka mpiga gitaa amalize, na hakuna anayemuuliza namba ya chumba.

Kabla ya hoteli palikuwa na watu. Waikiki ilikuwa nchi ya maji: mashamba ya magimbi, baadaye mpunga, mabwawa ya samaki na ya bata, na vijito vilivyoteremka kutoka milimani. Machifu na wafalme wa Hawaii walikaa pale. Mahali paitwapo Helumoa, inaposimama leo Royal Hawaiian, palikuwa na shamba kubwa la minazi. Mfalme Kamehameha wa Kwanza alipokuja kukiteka kisiwa cha Oahu mwaka 1795, majeshi yake yalitua pwani hiyo. Kisha tarehe 17 Januari 1893 Malkia Liliuokalani akapinduliwa na kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba, huku askari wa manowari ya Marekani wakiwa wameteremka mjini. Mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa vyote. Ni muongo ule ule ambao Unguja nayo iliingizwa chini ya himaya ya Uingereza, mwaka 1890, kwa hiyo msikilizaji wa pwani yetu hahitaji maelezo marefu ili aelewe hali hiyo. Miaka mitatu baada ya bendera ya Hawaii kuteremshwa, Moana ikafungua milango.

Ilifunguliwa tarehe 11 Machi 1901. Mwenyewe alikuwa Walter Chamberlain Peacock, mfanyabiashara aliyeuza mvinyo na pombe kali mjini Honolulu. Nayaona haya kuwa na maana: hoteli ya kwanza kubwa ya Waikiki ilijengwa na muuza vileo. Mchoraji wa ramani alikuwa Oliver Traphagen. Jengo lilikuwa la mbao, jeupe, lenye nguzo ndefu mbele na baraza pana, na ndani yake mlikuwa na vyumba 75 na lifti ya umeme, kitu ambacho visiwa vile havikuwahi kukiona. Gharama ilikuwa dola 150,000. Peacock hakufaidika nayo kwa muda mrefu, kwani mwaka 1905 aliiuza. Mwaka huo huo, mwezi Februari, Jane Stanford, aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na mumewe, alifia katika chumba cha hoteli hiyo, na jopo la uchunguzi la Honolulu likatamka kwamba alilishwa sumu. Mpaka leo wanahistoria wanaandika vitabu juu ya kifo hicho.

Ule mti ulipandwa mwaka 1904. Aliyeupanda ni Jared Smith, mkuu wa kituo cha utafiti wa kilimo, na wakati huo ulikuwa mche mrefu kidogo kuliko mtu. Leo una kimo cha meta 20 na zaidi, na matawi yake yamefunika ua wote. Mwaka 1918 hoteli iliongezewa mbawa mbili za zege, moja kila upande, na mbawa hizo ndizo zilizouzunguka mti na kuufanya ua kuwa kama ukumbi wenye kuta tatu, ukuta wa nne ukiwa bahari. Sijui kama waliochora mbawa zile walifikiria muziki. Lakini walichokijenga kilifaa muziki kuliko kumbi nyingi zilizojengwa kwa makusudi hayo. Sauti inabaki uani, na upepo unaingia kutoka majini.

Mbele ya Moana palikuwa na gati jembamba la mbao, lenye urefu wa karibu meta 90, lililoingia baharini. Usiku vijana wa ufukweni walikwenda kukaa mwisho wa gati hilo na ukulele zao, wakaimba. Hawakualikwa na meneja wala hawakuwa na mkataba. Wageni wa hoteli waliteremka kuwasikiliza, na wakazi wa mji walikuja vile vile. Gati lilikuwa limechakaa, likabomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Miaka michache baadaye Edwards akaleta kipaza sauti chake uani. Mimi naamini kwamba bila wale vijana wa gatini, asingekuwa na cha kurusha.

Niwazungumzie vijana hao, maana hapa pana jambo linalotugusa. Walikuwa Wahawaii, wengi wao wazawa wa Waikiki yenyewe. Walifundisha wageni kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, wakawapeleka kwenye mawimbi kwa mitumbwi yenye boriti ya kuzuia kupinduka, ndugu wa ngalawa zetu, wakawaokoa waliokuwa wanazama. Aliyekuwa mkubwa wao kwa heshima ni Duke Kahanamoku. Alishinda medali ya dhahabu ya kuogelea meta 100 huko Stockholm mwaka 1912, akaishinda tena Antwerp mwaka 1920. Bingwa wa dunia, na bado ufukwe ule ulikuwa nyumbani kwake. Mwana wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Edward wa Nane, alifika mwaka 1920 na akajifunza ubao pale. Mwandishi Agatha Christie naye aliteleza juu ya mawimbi ya Waikiki mwaka 1922, muda mfupi kabla hajawa maarufu duniani.

Sasa tulinganishe na kwetu. Diani, Bamburi, Nungwi, kila mtu anawajua bichi boi. Mlinzi wa hoteli amewekwa mpakani mwa mchanga awazuie wasimfikie mgeni, na wenyewe hutajwa katika mikutano ya utalii kama kero ya kutatuliwa. Ndiyo, wapo wasumbufu, na sitaki kuwatetea wanaowadhulumu wageni. Lakini Waikiki ilipata jina duniani kwa sababu hoteli ziliona kwamba kijana anayeijua bahari ndiye hazina yao. Leo sanamu ya shaba ya Duke inasimama kando ya barabara kuu ya Kalakaua, na hakosi shada la maua shingoni. Sanamu ya mhudumu wa ufukweni! Je, katika pwani yetu yote, kuna nahodha wa dau au mwalimu wa kuzamia aliyepewa heshima ya namna hiyo?

Tusogee magharibi hatua chache, tufike Royal Hawaiian.

Hii ilijengwa na kampuni ya meli. Matson walikuwa na meli za abiria kati ya San Francisco na Honolulu, na walihitaji mahali pa kuwaweka abiria wa daraja la juu. Walitumia dola milioni 4, wakaajiri kampuni ya Warren na Wetmore ya New York, wale walioshiriki kuchora stesheni kubwa ya reli ya Grand Central. Hoteli ikafunguliwa tarehe 1 Februari 1927 ikiwa na vyumba 400, matao ya mtindo wa Kihispania na Kiarabu, minara midogo, na kuta za waridi kuanzia chini mpaka juu. Kwa ajili ya abiria wa tabaka hilo hilo ikatengenezwa meli ya Malolo. Watu walikuja na masanduku makubwa, watumishi, hata magari yao, wakakaa wiki na miezi.

Na hapa pana jambo ambalo wengi wanaokunywa katika baa yake leo hawalikumbuki. Mwaka 1927 pombe ilikuwa haramu kwa sheria ya Marekani, na ikaendelea kuwa haramu mpaka mwaka 1933. Jumba lile la anasa, ambalo sasa baa yake ni maarufu kote Pasifiki, lilifunguliwa bila ruhusa ya kuuza hata tone. Siwezi kusema kwamba wageni wote walitii. Ninachosema ni kwamba hoteli ilijengwa bila baa kuwa moyo wake, na jambo hilo linaonekana mpaka sasa. Moana ukiingia tu unasukumwa na jengo lenyewe kuelekea uani na baharini. Royal Hawaiian unapita kwanza katika korido ndefu zenye matao na mazulia, bustani ikiwa upande mmoja, na baa iko huko mwisho, imeongezwa mchangani. Nzuri, ndiyo. Meza zake ziko karibu na maji kuliko za hoteli nyingine yoyote kati ya hizi tatu. Lakini jumba lenyewe limeipa kisogo.

Vita ndivyo vilivyoibadilisha. Baada ya Pearl Harbor kushambuliwa tarehe 7 Desemba 1941, seng'enge ilitandazwa ufukweni Waikiki kote. Jeshi la majini likaikodi Royal Hawaiian kuwa mahali pa mapumziko ya mabaharia, hasa wale wa nyambizi waliorudi kutoka doria za wiki nyingi chini ya maji. Baharia wa kawaida alilipa senti 25 kwa usiku, ofisa dola moja. Fikiria kijana wa miaka 20, mtoto wa mkulima wa Iowa au wa mfanyakazi wa kiwanda cha Detroit, amekaa siku 50 ndani ya chuma bila kuliona jua, analala katika chumba ambacho miaka mitano nyuma kilikuwa cha mwenye benki. Zaidi ya watu 200,000 walipita pale kabla vita havijaisha. Katika historia nzima ya hoteli hiyo sioni wakati mtukufu kuliko huo. Mwaka 1947 ikafunguliwa tena kwa raia, lakini dunia ya masanduku makubwa na watumishi ilikuwa imekwisha. Ndege zilianza kuleta watu wa mishahara ya kawaida.

Hao ndio waliohitaji baa. Mwaka 1953 Matson walimwita Victor Bergeron, mwenye mkahawa wa Trader Vic's huko Oakland, California, awatengenezee orodha ya vinywaji. Alikuja na mchanganyiko aliokuwa ameubuni mwaka 1944: ramu iliyokaa miaka mingi kutoka Jamaika, maji ya ndimu, kileo cha maganda ya chungwa, na sharubati ya lozi. Jina lake ni mai tai, na lilitokana na sifa waliyoitamka rafiki za Bergeron kutoka Tahiti walipokionja. Wahudumu wa Waikiki wakaongeza maji ya nanasi, kwani visiwa vilikuwa vimejaa mashamba ya mananasi, na tangu hapo kikaitwa kinywaji cha Hawaii. Kwa hiyo kinywaji ambacho mgeni hukipiga picha na kuamini kwamba ni cha mababu wa Kihawaii kilitoka California, kikiwa na ramu ya Karibi na jina la Tahiti. Cha bluu, kile cha Blue Hawaii, angalau kilibuniwa papo hapo Waikiki mwaka 1957, na mhudumu wa baa aitwaye Harry Yee, wa hoteli iliyokuja kuwa ya Hilton. Huyo ndiye pia aliyeanza kupamba glasi kwa ua la okidi. Mimi ningependa jina la Harry Yee lijulikane zaidi kuliko la Trader Vic, maana alisimama nyuma ya kaunta ile ile kwa miaka mingi na aliwajua wateja wake.

Twende sasa Halekulani, na hapa nakiri kwamba moyo wangu unaelemea.

Ilianza kama nyumba ya pwani ya familia ya Lewers mwaka 1907. Miaka kumi baadaye Clifford Kimball na mkewe Juliet wakaichukua, wakaongeza vibanda vya wageni kati ya minazi, na wakaipa jina la Halekulani, nyumba inayostahili mbinguni. Haikuwa na minara wala lifti ya kujivunia. Ilikuwa na vibanda, njia za miguu, na chakula cha pamoja. Mapema miaka ya 1930 Charles Dickey akaichorea jengo kuu lenye lile paa lake pana linaloshuka kwa miteremko miwili, paa lililotengenezwa kwa ajili ya mvua na jua la pale pale. Miaka ya 1980 wawekezaji wa Kijapani walivunja vibanda na kuinua majengo marefu, lakini jengo la Dickey waliliacha. Nawashukuru kwa hilo.

Sehemu yake ya wazi kando ya bahari inaitwa House Without a Key. Jina limetoka katika riwaya ya Earl Derr Biggers ya mwaka 1925, ya kwanza yenye mpelelezi Charlie Chan. Biggers alikuwa amepumzika Waikiki miaka michache kabla, na nyuma ya mpelelezi wake wa kubuni kulikuwa na askari kanzu wa kweli wa Honolulu, Chang Apana, Mchina wa Hawaii aliyefanya doria akiwa na mjeledi badala ya bastola. Nyumba isiyo na ufunguo: ni jina linalofaa baa kuliko majina yote niliyowahi kuyasikia, na baa yenyewe imelitimiza. Kila jioni jua likielekea kuzama, wanamuziki watatu hivi wanakaa, mmoja na gitaa la chuma lile linalolalishwa mapajani, na mchezaji mmoja wa hula, ambaye mara nyingi amewahi kuwa Miss Hawaii. Anacheza taratibu. Hakuna moto unaomezwa, hakuna ngoma za kushtua watalii. Mikono ndiyo inayosimulia.

Wanacheza karibu na mti wa kiawe wenye umri wa zaidi ya karne. Msikilizaji wa Baringo au Garissa ataufahamu mti huo mara moja, kwani ni ndugu wa mathenge, ule unaowatoa mbuzi meno na kufunga njia za maji. Kiawe nao uliletwa Hawaii kutoka nje, na padri, mwaka 1828. Ule wa Halekulani ulianguka mwaka 2016, ukaachwa, na shina likachipua upya. Mti mgeni, mkaidi, wenye miiba, na ndio unaopigwa picha kuliko yote. Watu wa Baringo wasinielewe vibaya. Mathenge yao ni adha, nami najua.

Kuna jambo moja linaloziunganisha hoteli zote tatu, nalo ni sheria. Katika Hawaii ufukwe ni wa umma mpaka pale mawimbi ya juu yanapofika, na mahakama kuu ya huko imelitetea jambo hilo kwa hukumu zilizotolewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Hoteli haimiliki mchanga unaolowa. Mvuvi anaweza kupita mbele ya meza za Royal Hawaiian na fimbo yake ya kuvulia, na familia ya Honolulu inaweza kutandika mkeka mbele ya Moana siku ya Jumapili. Kwa hiyo muziki wa baa unasikika hata kwa aliyeketi mchangani na chakula chake cha nyumbani. Meneja hawezi kufanya lolote, na nadhani hata hataki, kwa kuwa ufukwe wenye watu wa mji ndio unaompendeza mgeni.

Kwetu sheria zipo pia. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zisifanywe ndani ya meta 60 kutoka ufukweni. Lakini nendeni mkaone kuta. Mombasa, njia za umma za kuteremkia baharini zimekuwa mgogoro wa miaka mingi. Nyingine zimemezwa na viwanja vya watu. Unguja tunayo Africa House pale Shangani, iliyokuwa klabu ya Waingereza enzi za ukoloni. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Leo kijana wa Mji Mkongwe anaweza kupanda ngazi, akaketi barazani na soda yake kutazama jua likizama baharini. Badiliko hilo ni kubwa, na nasema hoteli zetu nyingine kongwe zifanye hivyo kwa hiari kabla ya kulazimishwa.

Nisiwasahau walio nyuma ya kaunta. Mwaka 2018, tarehe 8 Oktoba, wafanyakazi wapatao 2,700 wa hoteli tano za kampuni moja, Moana na Royal Hawaiian zikiwemo, waligoma. Walikuwa wahudumu wa baa, wapishi, watandika vitanda, wapagazi. Madai yao yaliandikwa kwenye mabango kwa maneno machache: kazi moja inapaswa kutosha. Honolulu maisha ni ghali mno, na mtu aliyemimina mai tai jioni alikuwa akifanya kazi ya pili alfajiri ili alipe kodi ya nyumba. Walikaa barabarani siku 51, wakapiga ngoma na kuimba mbele ya mlango wa waridi, na mwisho wa Novemba wakapata mkataba wenye nyongeza ya mshahara. Anayekwenda kunywa pale na aache bakshishi nzuri.

Mchanga nao unaondoka. Waikiki ya leo sehemu kubwa ni ya kutengenezwa. Mfereji wa Ala Wai uliochimbwa miaka ya 1920 ulikausha mashamba ya mpunga na kuwaondoa wakulima, na kuta za bahari za hoteli zikauvuruga mwendo wa mchanga. Ukuta uliowekwa kando ya Royal Hawaiian mwaka 1927 ili kuushikilia mchanga ulichakaa mpaka ukajengwa upya mwaka 2020. Mbele ya Halekulani, mahali wenyeji walipopaita Kawehewehe na kuamini kwamba maji yake huponya wagonjwa, ufukwe umebaki mwembamba kabisa, na bahari ikijaa mawimbi hupiga ukutani.

Basi nikiulizwa niseme ipi ni ipi, nasema hivi. Kwa kuketi karibu na maji, Royal Hawaiian inashinda, na anayependa jengo la kutazama ataridhika nalo. Kwa muziki, Halekulani haina mshindani. Fika kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, maana meza za mbele hujaa, na uagize kitu kimoja tu ukae nacho. Lakini hoteli ninayoiweka juu ni Moana, kwa sababu ua wake uko wazi kwa anayetoka barabarani na kwa anayetoka majini, na kwa sababu mti ule ulipandwa na mtafiti wa kilimo, ukapewa nafasi ya kukua kwa zaidi ya karne, wakati kila meta ya ardhi ya Waikiki ilikuwa ikipanda bei. Wangeweza kuukata mara nyingi na kujenga vyumba 100. Hawakuukata.

Juma lijalo, wakati kama huu, nitazungumza juu ya njia za umma za kuteremkia baharini kati ya Nyali na Mtwapa: zipi zilizo wazi, zipi zilizofungwa. Mnaoishi huko, niandikieni mnazozijua.